Jogoo wa Makome

Siku ile ya mwaka 1971 jua la Paje liliwaka mithili ya kaa la moto, na maji yalikuwa yamekupwa mpaka mwambani. Mwalimu Makungu wa skuli ya kijiji alikuwa ametangaza mashindano: kila mzazi na mwanawe watengeneze picha mchangani kwa vitu vya pwani na vya kondeni, bila ya rangi ya dukani. Washindi wangepewa pishi nne za mchele. Mwaka ule mchele ulikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Watu walishinda kwenye foleni wakarudi na vikapu vitupu. Kwa hiyo hakuna aliyeyaona mashindano hayo kuwa ni mchezo.

Mwanamwema alifika na binti yake, Tabia, mwenye umri wa miaka tisa. Kwa wiki tatu mtoto huyo alikuwa akiokota makome, makumbi ya nazi, majani mekundu ya mkungu na mbegu nyekundu za mturituri. Baba yake, Simai, alivuka kwenda Mombasa mwaka wa Mapinduzi, asirudi wala asilete barua. Tokea hapo hasira ilifukuta kifuani mwa Mwanamwema kama tanuri la chokaa.

Mama na mwana wakatengeneza jogoo. Kifua kilikuwa cha makome meupe, mkia wa majani ya mkungu, na undu kichwani ulisimama kwa mbegu nyekundu zilizopangwa moja moja. Wapita njia walisimama wakasema, "Mashaallah! Huyu bado kuwika tu!"

Kando yao, Bi Sichana na mwanawe Bakar walikuwa wametengeneza pweza wa mwani, na mikono yake ilishaanza kusinyaa kwa jua. Sichana alimtazama pweza wake, akamtazama jogoo, akajua hana lake.

"Jogoo mzuri, mwenzangu," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Ndiye yule aliyevuka Mombasa akakuacha unataga peke yako?"

Wanawake waliangua kicheko. Mwanamwema akahisi masikio yakimchoma.

"Sichana, nshakuvumilia mno! Hebu rejea neno lako!"

"Neno gani? Mie nauliza tu."

Tabia aliishika kanga ya mama yake. "Mama, mwache. Mwalimu anakuja, wamebaki watu wawili tu atufikie."

"Msikilize mwanao," Sichana akachombeza. "Babake hamjui, lakini akili anayo."

Hapo Mwanamwema akapandwa na mori. Aliinama, akachota kilichokuwa karibu na mkono wake, akamvurumishia Sichana. Akachota tena, akarusha tena. Makome yaliruka, mbegu zikatapakaa. Sichana hakurusha hata chembe ya mchanga. Alirudi nyuma polepole huku akicheka, na Mwanamwema akamfuata, akikanyaga asichokiona.

Pumzi zilipomwishia, Mwalimu Makungu alikuwa amesimama mbele yake.

"Bi Mwanamwema, sasa nihukumu nini hapa?"

"Kanitukana, Mwalimu! Waulize hawa!"

"Nimesikia, na nitamkanya mbele ya watu. Lakini mchele ni wa picha, na picha yenu haipo."

Mwanamwema akatazama chini. Palipokuwa na jogoo palibaki mchanga uliovurugika na nyayo zake mwenyewe. Pishi nne zikaenda kwa Sichana na pweza wake aliyesinyaa, kwani hata hivyo aliwashinda waliobaki.

Mwanamwema alimgeukia Tabia, aliyekuwa amepiga magoti akiokota mbegu, uso umekunjamana.

"Umemwona yule mwanamke, mwanangu? Umeona alivyotufanyia?"

"Yule hakumgusa jogoo wangu, mama," Tabia alijibu bila ya kuinua kichwa. "Umemvunja wewe."

 Mwanamwema alichuchumaa kumsaidia, lakini mtoto alisogea akampa mgongo. Juu kidogo, penye minazi, Sichana alikuwa akijitwika mchele wake kichwani huku akiimba. Kweli, hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi.