Sura Isiyokaa Dukani

Wapendwa, kulikuwa na waimbaji wawili wa bendi moja, enzi zile za santuri, wanawake wote wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Kampuni ya sigara ikatafuta sura ya mwimbaji ya kuweka juu ya pakiti. Wakaenda studio wote, wakapakwa poda, wakakaa mbele ya pazia lililochorwa maua, wakapigwa picha. Ikachaguliwa ya yule mdogo.

Ilimuuma yule mkubwa! Mnakijua kidonda hicho? “Yule?” akasema moyoni. “Yule niliyemfundisha mimi hata kupumua katikati ya wimbo?” Kila akipita dukani anaiona sura ya mwenzake imepangwa kwenye rafu, inamchekea. Chakula hakishuki, usingizi hauji. Mwisho akapata akili, au mwenyewe aliiita akili: atazinunua pakiti zote, mtaa usimwone yule mtu kabisa.

Akaanza. Sigara zikiletwa, yeye wa kwanza mlangoni.

“Dada, kumbe siku hizi unavuta?” mwenye duka akamuuliza.

“Za shemeji zangu hizo. Nifungie zote.”

Nyumbani anazichana zile sura vipande vipande, roho inatulia kidogo. Ila sigara zenyewe, kuzitupa akaona hasara. Akavuta moja. Akavuta nyingine. Mazoezini sauti ikaanza kukwaruza, akawaambia wenzake ni mafua tu.

Basi bwana wa kampuni akapita kukagua maduka. “Sura hii inakwendaje hapa kwako?”

“Haikai, bwana! Ikiingia asubuhi, adhuhuri imekwisha. Nadhani mji mzima hakuna wanaompenda yule dada kama watu wa mtaa huu.”

“Kama ni hivyo, tusiwanyime,” akasema bwana yule.

Wiki ile ile mafundi wakaja na ngazi. Wakabandika bango la ukuta mzima, sura ya yule mdogo imejaa tele, mkabala na dirisha la yule mkubwa. Akalifungua dirisha kwa hasira, awafukuze. Akapanua mdomo. Sauti haikutoka.

Sasa niambieni, nani aliyempandisha yule mdogo ukutani? Kampuni? Thubutu!

Mnacheka. Na sisi je? Mwenzako kwenye kwaya akipewa kuongoza wimbo, si unazunguka nyumba kwa nyumba ukimsema? Na kila nyumba uliyofika, hata wasiomjua wamelijua jina lake. Umemtangaza bure, na nauli umelipa wewe. Wakati huo zamu yako ya mazoezi imepita hukuonekana.

Kanga zetu zinasema mwenye wivu ajinyonge. Mimi nakataa. Ajinyonge ya nini? Atubu, arudi nyumbani kwake. Maana siku ile Mungu hatakuuliza alimpa nini jirani yako. Atakuuliza wewe: nilichokupa kiko wapi?