Mfinyanzi Aliyesema Nusu ya Kweli

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na mfinyanzi katika mji wa Kufa aitwaye Dhakwani bin Mahrani, mcha Mungu, mwingi wa saumu. Kazi yake ilikuwa mitungi ya maji. Kila mtungi aliufinyanga peke yake juu ya gurudumu, akaanza kwa Bismillahi na kumaliza kwa Alhamdulillahi, na kwa siku nzima alipata kumi na miwili. Watu waliridhika na kazi yake, naye aliridhika nafsi yake.

Kisha akaja Safwani kutoka Basra, akapanga nyumba ya jirani. Huyu hakuwa na gurudumu. Alikuwa na kalibu za jasi: alikandamiza udongo katika nusu hii na nusu ile, akaziunganisha, akaianika mitungi yake juani, kisha akaichoma. Kwa siku moja alitoa sitini, yote sawasawa kama mapacha.

Hapo, ndugu zangu, wivu ukamwingia Dhakwani. Hili nalisema waziwazi kwa sababu mwenyewe alikuja kulisema waziwazi. Chakula kilimshinda. Akiwa na tasbihi mkononi, alihesabu wateja wa jirani. Na kwa kuwa hasidi mcha Mungu huuvisha wivu wake kanzu na kilemba, akaanza kuwaambia watu msikitini, "Mtungi wa gurudumu, mmoja mmoja, hutajiwa jina la Mola. Huo wa kalibu umetajiwa nini?"

Mkewe, Bibi Rayhana, alipopata habari akamwita kwa lakabu yake, akamwambia, "Abu Lubaba, mimi hupika chungu kimoja cha watu ishirini kwa Bismillahi moja, na sijakuona ukikosa baraka wakati wa kula."

Lakini Dhakwani hakukoma.

Mwaka ule kadhi alitaka mitungi elfu moja ya wakfu, ya kuchukulia maji ya mahujaji katika njia ya jangwani. Msafara ulikuwa uondoke baada ya siku arubaini. Akamwita Dhakwani, akamwambia, "Wewe ni mkongwe wa kazi hii, na watu wanakuamini. Tupimie njia hizi mbili, utwambie mitungi ya nani tuitegemee."

Baada ya sala ya alfajiri Dhakwani akajaza maji mitungi kumi yake na kumi ya Safwani, akaipanga juu ya jivu kavu. Ilipofika adhuhuri, jivu chini ya mitungi yake lilikuwa kavu vilevile. Chini ya mitungi saba ya Safwani lilikuwa limelowa chepechepe, maji yanapita kwenye mshono, kidogo kidogo kiasi ambacho karibu na kisima mtu hajali.

Alitambua sababu papo hapo. Basra hewa ina unyevu, udongo hukauka polepole na zile nusu mbili hushikana. Upepo wa Kufa ni mkavu, hukausha mshono kabla haujashika. Dawa yake ni kuifunika mitungi kwa magunia yaliyolowa na kuiweka kivulini siku tatu. Mgeni hakulijua hilo, na kila mfinyanzi wa Kufa alilijua.

Kadhi akauliza mbele ya Safwani na watu, "Umeonaje?"

"Ya Safwani inavuja," akajibu Dhakwani, asiongeze neno.

Safwani akainamisha kichwa. Kazi akapewa Dhakwani, naye akarudi nyumbani uso umemchangamka, akamsimulia mkewe yote, pamoja na dawa ile aliyoificha. Bibi Rayhana akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mitungi elfu kwa siku arubaini, na gurudumu lako hutoa kumi na miwili?"

"Nitafanya niwezavyo."

"Hutafika hata nusu. Na hao watakaokosa, watakunywa nini jangwani, Abu Lubaba? Ukweli wako?"

Dhakwani akainuka. Akarudi kwa kadhi mbio mbio, akamkuta Safwani bado yupo, akasema mbele ya wote, "Nilisema inavuja, na ni kweli. Lakini najua kwa nini inavuja, nikanyamaza, kwa wivu. Naomba radhi kwa Mwenyezi Mungu, na kwako Safwani." Kisha akamfundisha habari ya magunia na kivuli.

Kadhi akampa Safwani kazi ile. Mitungi elfu ikapimwa juu ya jivu, mibovu ikaondolewa na kufanywa upya, na msafara ukaondoka kwa wakati. Watu wakamsifu Safwani mji mzima.

Siku moja Safwani akamuuliza Dhakwani, "Ndugu yangu, ule wivu umekutoka?"

"Wallahi, bado. Hata leo nimeona watu mlangoni kwako, roho ikaniuma."

"Sasa wafanyaje?"

"Kila ikiniuma, huja kukulowanishia magunia."

Basi tuombe Mola atusafishe nyoyo. Na kabla hazijasafika, asituache tukae kimya palipo na mwenye kiu.