Mkuyu wa Mbeleje

Mti usionyauka haunywi upepo. Methali hiyo mmeisikia ikisemwa asubuhi hii, mkataka kujua imetoka wapi. Basi sogeeni, ilianza hivi.

Mwaka mmoja huko Ugogo, kiangazi kilikaa kama mgeni asiyejua kuaga. Kwanza nyasi ziligeuka manjano, kisha zikawa vumbi. Ardhi ikapasuka nyufa za kuingia mguu wa mbuzi. Mto ukabaki mchanga mtupu. Wanaume wakachimba mtoni, kama walivyochimba baba zao, wakapata mchanga mwingine.

Mzee Madeje, mkuu wa kijiji, akaamua kwamba kesho yake asubuhi wote wahame kwenda ziwani, mwendo wa siku tatu. Mama mmoja, Mbeleje, aliposikia hayo moyo ulimuuma sana. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, naye alikuwa amezaa jana yake. Ndama wa siku moja hawezi safari ya siku tatu.

Akaitazama nchi. Miti yote ilikuwa imepukutisha majani, isipokuwa mkuyu mmoja kando ya zizi la Madeje. Ulikuwa kijani kibichi, na wazee walikuwa wamekaa kivulini mwake wakilalamikia kiu! Mbeleje akawauliza mkuyu huo unakunywa nini.

"Unakunywa upepo," akasema Madeje, na wenzake wakacheka.

"Upepo unavumia miti yote, baba. Mbona mingine imekauka?"

Mbeleje akachukua jembe, akaufuata mzizi mmoja mnene kwenda chini. Shimo likamfika kiunoni, vumbi. Likamfika kifuani, vumbi. Asubuhi watu walipojitwika mizigo, yeye alikuwa shimoni tena, viganja vimechubuka. Ndipo udongo ukabadilika, ukawa mweusi na wa baridi. Akapiga jembe mara moja zaidi, maji yakamlowesha miguu. Alilia kwa furaha wala hakuona haya.

Madeje akashusha mzigo wake. Akateka kibuyu cha kwanza, asinywe, akampelekea ng'ombe wa Mbeleje mbele ya kijiji kizima. Ndama alikuwa ananyonya. Vigelegele vikapigwa, mizigo ikafunguliwa, na hakuna aliyehama mwaka ule.

Tangu hapo, mtu akidai kwamba jambo fulani limetokea bure tu, bila sababu, Madeje mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkatiza:

"Mti usionyauka haunywi upepo."