Watatu kwa Kitabu Kimoja

Jifya ni jiwe la kuinjikia chungu jikoni. Weka moja tu, uinjike chungu juu yake, kitapinduka na mchuzi utanywewa na majivu. Jambo hili halihitaji shule kulijua. Hata hivyo, mwalimu wa darasa la pili alilisahau kwa miaka mingi, akajifanya jiko zima peke yake.

Kila asubuhi aliandika ubaoni silabi za jamii moja: nda, nde, ndi, ndo, ndu. Yeye alitamka, watoto wakaitikia kwa kelele za kuezua paa. Kufikia mchana miguu ilimwaka moto na koo lilimkwaruza kama msasa. Alijipa moyo kwamba darasa linajua kusoma. Kumbe ndani ya kelele zile alijificha Konokono, binti mpole aliyechezesha midomo tu. Aligundulika siku aliposimamishwa peke yake. Alilitazama neno fupi kama mtu atazamavyo mlango uliofungwa.

Mwalimu mkuu alipopata habari hakuzungusha maneno. "Mwisho wa mwezi nitampima mwenyewe. Akishindwa, anarudi la kwanza."

"Alisharudi mara moja, Mwalimu," alisema mama yake Konokono, aliyeitwa ofisini na mtoto mchanga mgongoni. "Akirudi tena, simleti. Heri abaki nyumbani anilelee huyu."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka tu, kama mwalimu.

Kesho yake sauti ya mwalimu ilikauka. Alifungua kinywa, ukatoka upepo. Akaketi, jambo ambalo watoto hawakuwahi kuliona. Kwa mnong'ono akawagawa watatu watatu, kila kundi na kitabu chake: mmoja asome, mmoja afuate maneno kwa kidole, wa tatu awinde maneno yenye silabi za ubaoni na kuyaandika sakafuni kwa chaki. Ukurasa ukiisha, wabadilishane.

Konokono aliangukia kwa Kasuku, msichana mwenye mdomo mwepesi, na Kibogoyo, mvulana aliyeng'oka meno ya mbele. Kasuku alisoma mbio, akibuni asichokiona. Kibogoyo alizijua herufi zote, ila alizitamka kwa mate.

"Umeruka mstari," Konokono alisema.

"Sijaruka."

"Umeruka. Kidole changu bado kipo hapa."

Kibogoyo akachungulia. "Kweli. We Kasuku, unasoma au unasimulia?"

"Na wewe unasoma au unamwagilia bustani?"

Wakacheka, wakaurudia mstari, safari hii kwa mwendo wa kidole cha Konokono. Zamu yake ya kusoma ilipofika, Kasuku alimfuatishia maneno kwa kidole bila kumharakisha. Alipokwama, Kibogoyo aligonga sakafu. "Si hii hapa, tumeiandika sasa hivi? Haya, twende."

Sauti ya mwalimu ilirudi baada ya siku chache, lakini makundi ya watatu watatu hakuyavunja.

Siku ya kupimwa, mwalimu mkuu alileta kitabu ambacho darasa halikuwahi kukiona. "Asome peke yake. Sitaki kusikia mtu."

Konokono, amesimama mbele ya darasa, akakwama kwenye neno la kwanza. Mlangoni, mama yake aliyekuja kushuhudia alimhamisha mtoto mchanga bega. Kule nyuma Kasuku alitembeza kidole juu ya dawati tupu, polepole, kama alivyozoea. Konokono akakiona. Akaweka chake kitabuni.

"Nda… ndama," alisoma. "Ndama a-li-jificha ka… kando ya kisima."

Akaendelea hivyo hadi chini ya ukurasa.

"Polepole mno," alisema mwalimu mkuu.

"Lakini amefika," alijibu mwalimu.

Mwalimu mkuu akafunga kitabu, akashusha pumzi. "Haya. Abaki la pili."

Mama aliegemea mlango kana kwamba ametua kuni. "Kesho nitamleta mapema," alisema. "Nani amemfundisha hivi?"

Mwalimu alikuwa na jibu la haraka mdomoni, akalimeza. Kule nyuma Kasuku na Kibogoyo walikuwa wanagombania kipande cha chaki.

"Waulize wale wawili," alisema, kisha akavuta kiti akaipumzisha miguu yake, kwani jifya moja haliinjiki chungu.