Jasho la Shaibu

"Matope hayo kawape mbuzi, mtoto wa kaka yangu hanywi." Ndivyo Kibibi alivyomwambia wifi yake Mwatumu, kisha akakimwaga chungu cha dawa uani. Mtoto, Shaibu, akafa na homa yake.

Haya wajukuu, homa haikutosheka, ikamrukia Kibibi mwenyewe. Akaja anatambaa. "Wifi, nichimbie mzizi."

"Nitakuchimbia," Mwatumu akasema, akaenda kwenye mkwamba. Mti ule ulisema na watu, na dawa yake humponya yule tu unayemtaja wakati wa kuchimba.

"Unamchimbia nani?" mti ukauliza.

"Shaibu."

"Shaibu yuko kaburini. Unamchimbia nani?"

"Shaibu."

"Mama, nani?"

"Nimeshakwambia. Shaibu."

Akauchemsha mzizi vizuri, hakupunguza kitu. Kibibi akanywa kikombe, akanywa cha pili, akanywa cha tatu, asitoke hata tone la jasho. Huko nje kaburi la mtoto likatoka jasho, udongo ukalowa chepechepe.

"Wifi, mbona bado naungua?"

"Dawa imemfika mwenyewe." Mwatumu akamfunika shuka, akakaa akimtazama mpaka homa ikazimika naye.

Wewe unayecheka hapo, si una wifi? Nenda kamsimulie.