Ukoko wa Bi Sikudhani

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitikia na andazi mdomoni? Meza kwanza, mwanangu, usije ukapaliwa nikasingiziwa mimi. Na nyie watu wazima huko nyuma, umbeya huo hauchachi, mtaumalizia kesho. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Hapo zamani za kale, nyani walipokuwa bado hawaonei aibu makalio yao, paliondokea bibi kizee mmoja wa kinyani, jina lake Bi Sikudhani. Alikaa kwenye kilima cha mawe. Alizaa, akazaa, akazaa tena. Watoto wakakua, wakaoa, wakaolewa, wakatawanyika. Huyu kaenda kwenye mahindi, yule kaenda bondeni kwenye mikuyu, mwingine hata hakujulikana alikokwenda, ila sifa zake mbaya zilikuwa zinarudi nyumbani.

Mwaka mzima kilima kimya. Sikukuu ikifika, lo! Wote hao wanarudi, na watoto wao, na kelele zao. Bi Sikudhani anapika pilau. Sufuria kubwa, makaa chini, makaa juu. Ikiiva inapakuliwa kwenye sinia moja, wote wanalizunguka. Chapu, chapu, chapu! Huyu anamsukuma yule, yule anamkanyaga huyu mkia. Raha mustarehe.

Sasa nisikilizeni. Bi Sikudhani alikuwa haoni. Macho yalikwisha kuzimika. Lakini siku ya sikukuu alikuwa anapitisha mkono wake kwenye sinia, taratibu, anagusa vidole vya wanawe na wajukuu wake.

"Huu wa Zena, una kucha kama jembe. Huu wa Sefu, uko kwenye fungu la mwenzake. Sefu! Kula mbele yako!"

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwaona. Mara moja kwa mwaka. Siku nyingine zote giza tupu, na bibi wa watu anaisubiri sikukuu kama mtoto.

Basi. Mwanawe wa kwanza aliitwa Mbwana. Mbwana huyu alikwenda mtoni, akapata kazi kwa Kiboko, mkubwa wa mto. Akawa katibu wake. Mwaka huo akarudi nyumbani kavaa suruali. Nyani, suruali! Imembana, anatembea kama aliyekalia siafu. Eti anaficha makalio. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Huyu aliliona, akalinunulia nguo.

Akasimama katikati ya uwanja. "Ndugu zangu, mwaka huu hatuli kama washamba. Mgeni rasmi ni Mheshimiwa Kiboko. Kuna meza kuu. Kuna ratiba. Kila mtu sahani yake, kila mtu kijiko chake."

Bi Sikudhani akauliza, "Na sinia, mwanangu?"

"Mama, sinia mambo ya kizamani."

"Sasa mimi nitawajuaje?"

"Kila mmoja atasimama ajitambulishe."

Bi Sikudhani akalipapasa sinia lake. Moyo ulimuuma, nawaambia kweli. Hakujua kama sikukuu nyingine itamkuta. Lakini mtoto kakua, kavaa suruali, utamwambia nini?

Pilau ikapikwa. Ikapakuliwa, ikatiwa kwenye mahotipoti, ikafunikwa, ikapangwa mezani. Nyani wote wakakalishwa kwenye viti, mistari mistari. Bi Sikudhani akafungwa utepe kifuani kama mbuzi wa zawadi, akawekwa meza kuu pembeni ya Kiboko, mbali na wajukuu wote. Hata harufu yao haikumfikia. Alisikia harufu ya matope tu.

Mbwana akashika gunzi la muhindi, ndicho kipaza sauti chake. Tok! Tok! "Halo, halo. Moja, mbili. Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wa kilima, wazee wa bonde, wakwe, mashemeji... itifaki imezingatiwa."

Akahutubia. Akamaliza, akamkaribisha Sefu aseme neno fupi. Sefu akasema neno refu. Mbwana akamkaribisha shangazi. Shangazi akaanzia siku alipozaliwa. Jua likapanda. Matumbo yakaanza kuitana. Nguruu! huku. Nguruu! kule. Kiboko akapiga mwayo, nzi wakaingia wakatoka.

Bi Sikudhani akanyoosha mkono. "Mbwana, nataka kwenda kujisaidia."

"Mama! Kujisaidia hakumo kwenye ratiba."

"Haya, nitajisaidia hapahapa kwenye kiti."

"Nenda, Mama, nenda!"

Bi Sikudhani huyoo, anapapasa ukuta, anafuata pua. Hakwenda chooni. Alikwenda jikoni. Sufuria kubwa ilikuwa bado pale, na ukoko wake chini, mwekundu, mkavu, una mafuta. Mnaujua ule ukoko wa pilau? Acheni kumeza mate, hadithi bado. Bibi akakaa chini, akaibana sufuria katikati ya miguu, akashika mwiko.

Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Kule uwanjani Zena akasimamisha masikio. Akanyoosha mkono. "Mjomba, naomba kwenda kujisaidia." Huyoo, akaondoka.

Kwaru! Kwaru!

Sefu akanyoosha mkono. "Kaka, naomba kwenda kujisaidia." Huyoo.

Kwaru! Kwaru!

Shangazi naye akakatisha hotuba yake mwenyewe. "Jamani, nimebanwa." Huyoo! Wakatoka wawili wawili, wakatoka mstari mzima. Ukoo mzima ukashikwa na tumbo la kuendesha kwa wakati mmoja.

Mwisho Kiboko akamwinamia Mbwana sikioni. "Katibu, na mimi pia."

"Mheshimiwa, hotuba yako..."

"Katibu, nimesema nimebanwa!" Akainuka, kiti kikabaki kimemganda makalioni, akaondoka nacho hivyohivyo.

Mbwana akabaki peke yake. "Na sasa," akaliambia gunzi, "tunamkaribisha..." Akatazama. Viti vitupu. Nzi juu ya hotipoti. Jikoni vicheko, kwaru, kwaru, vicheko. Akaenda akajibanza nyuma ya ukuta wa jiko, akachungulia kwenye tundu. Kuingia anaona aibu. Kuondoka hawezi.

Ndani, mikono yote imo kwenye sufuria. Bi Sikudhani anapitisha wake juu yao, uso unamng'aa.

"Huu wa Zena. Kata kucha, mwanangu. Huu wa Sefu, uko kwa mwenzake kama kawaida. Na huu mzito, wa nani?"

"Wa Kiboko, Bibi."

"Kula mbele yako, baba. Ukubwa wako umeuacha mtoni, hapa kuna sufuria."

"Sawa, Bibi," akasema Kiboko, akasogeza mkono.

Bi Sikudhani akapapasa tena. Akazunguka sufuria yote. Akaweka mwiko chini.

"Mkono mmoja haupo. Kitumbo wangu yuko wapi?"

Nyuma ya ukuta, Mbwana akasikia. Kitumbo! Ndilo jina alilokuwa akiitwa akiwa mgongoni, kabla ya ukatibu, kabla ya suruali. Na bosi wake kalisikia! Masikio yakamwaka moto.

"Jamani, acheni kula," Bi Sikudhani akasema. "Mimi sikupika pilau nisikilize hotuba. Nilipika nimwone mwanangu. Asipokuja, mimi mwaka huu sijamwona."

Mikono yote ikatoka kwenye sufuria. Hata wa Kiboko, ingawa ulitoka polepole.

Mbwana akaingia. Akapita katikati ya ndugu zake, akachuchumaa pembeni ya mama yake, akachuchumaa sawasawa, na hapo, praaaa!

Bi Sikudhani akashtuka. "Nini hicho?"

Zena akachungulia nyuma ya mjomba wake. Makalio mekundu yale, nje, yanapunga hewa.

"Ni itifaki, Bibi. Imepasuka."

Loo! Jiko lilitaka kuanguka kwa vicheko. Kiboko alicheka mpaka kiti kikamtoka. Katikati ya vicheko hivyo, mkono mmoja ukajipenyeza kimyakimya kwenye sufuria, ukakamata kipande cha nyama kilichoganda kwenye ukoko.

Paa! Bi Sikudhani akauchapa kofi, akaushika, hakuuachia.

"Huyu ndiye! Tangu anaota meno, anaanza na nyama!"

Mbwana akalia. Akacheka huku analia, nyama mdomoni. Wakaenda kuyaleta mahotipoti, wakayamwaga yote kwenye sinia, wakala mpaka Kiboko akaomba kulala hapohapo.

Basi nawaambieni, ndugu hajulikani kwa cheo chake wala hotuba yake. Anajulikana kwenye sinia, mkono wake unapogongana na wako. Sikukuu ni hiyo, nyingine mapambo. Na wewe, Baba Rukia, karatasi hiyo iliyochomoza mfukoni nimeiona tangu ulipoingia. Irudishe ndani, nawa mikono, usogee hapa.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukoko nao umeishia hapo. Aliyecheka kuliko wote ndiye atakayesugua sufuria.