Mkaja wa Harusi ya Arafa

Hapo zamani palikuwa na mkaja mmoja na wanawake watatu, na mpaka leo sijajua ulimstahili nani. Nimewauliza watu wa vyuoni, nimewauliza wakunga, nimewauliza wanangu mwenyewe tukiwa tunakula. Kila mtu hunijibu upesi, na kila mtu ana jibu lake. Leo nawauliza nyinyi, ila sikilizeni kwanza, maana anayejibu upesi mara nyingi hajasikia yote.

Mkaja ni kile kitambaa kirefu anachojifunga mwanamke tumboni akishazaa, ili mwili urudi mahali pake. Siku binti yake anapoolewa, upande wa bwana harusi humletea kitambaa kama hicho, kizuri kuliko cha kwanza, kumwambia: tumeuona uchungu wako. Huletwa kimoja tu. Hakikatwi wala hakigawanywi.

Basi katika mji mmoja wa pwani, uliotengwa na ng'ambo yake kwa mkono mwembamba wa bahari, uliingia ugonjwa wa kifua. Uliingia sokoni, ukaingia misikitini, ukaingia majumbani. Mtu alikohoa Jumamosi na Ijumaa akaswaliwa. Liwali wa mji akafikiri, akaona hana dawa ila milango. Akamtuma mpiga mbiu, naye akapita mtaa kwa mtaa akipuliza pembe na kutangaza:

"Jua likitua leo, aliye ndani abaki ndani, aliye nje abaki nje. Kivuko kitafungwa. Mwenye mtumishi achague: akae naye moja kwa moja, au amtoe aende kwao. Hakuna kuingia na kutoka."

Watu wakauita mwaka ule Mwaka wa Makomeo.

Na watumishi wa mji ule wengi walitoka ng'ambo. Walivuka asubuhi kwa mitumbwi, wakarudi kwao jioni. Kwa hiyo kila nyumba ilipewa alasiri moja ya kuchagua, na kila nyumba ikachagua kwa namna yake. Nyumba ya muuza vyuma ilimbakiza mpishi; walimfichia viatu asiondoke, naye akabaki, akala vizuri, na akawachukia mpaka milango ilipofunguliwa. Nyumba ya pili ilimtoa dobi, ikampa na gunia la mchele abebe. Nyumba ya tatu ilimtoa yaya bila hata neno la kwaheri, na yaya yule alimshukuru Mungu, kwa kuwa ndiyo kwanza alipata kushinda na wanawe mwenyewe. Siwacheki hata mmoja. Waliobakiza waliogopa, na waliotoa waliogopa vilevile.

Nyumba ya nne ilikuwa ya Athumani, fundi wa saa. Mkewe, Saumu, alikuwa na siku chache tu tangu ajifungue mtoto wa kike, Arafa. Alasiri ileile ya mbiu homa ikampanda Saumu, akaanza kukohoa. Mpaka leo hakuna anayejua kama ilikuwa homa ya uzazi au ule ugonjwa wenyewe. Mkunga aliposikia kikohozi alinawa mikono, akatoka kwa mlango wa nyuma. Ndani wakabaki watu wazima watatu: Saumu, Athumani, na mtumishi wao Mejumaa.

Mejumaa alitoka ng'ambo. Naye alikuwa na mwanawe mchanga, Nassoro, ambaye bado alikuwa hajaonja kitu ila titi la mama yake na uji mwepesi. Kila asubuhi alimwachia jirani yake, mwanamke mmoja msuka mikeka aitwaye Nadzua, na kila jioni alimchukua.

Saumu akamwachia Mejumaa mtoto, akajifungia chumba cha ndani asije akamwambukiza, akaita akiwa nyuma ya mlango.

"Mejumaa."

"Abee, bi mkubwa."

"Umeisikia mbiu?"

"Nimeisikia."

"Basi vaa buibui lako uuwahi mtumbwi. Mtoto mpe baba yake. Atamtafutia maziwa ya ng'ombe."

Mejumaa hakuondoka pale mlangoni. Mwaka ule vichanga waliopewa maziwa ya ng'ombe walikuwa wakiharisha na kufa, na hapana nyumba mtaani isiyolijua hilo.

"Bi mkubwa, unajua maziwa ya ng'ombe yanavyowafanya."

"Najua. Na wewe una wako anakungoja. Sitakuwa mimi wa kumnyang'anya mtoto wa mtu titi la mama yake. Nenda, Mejumaa, kabla sijageuza maneno."

Athumani alikuwa amesimama ukumbini, funguo mkononi. Hakusema neno. Miaka mingi baadaye aliulizwa kwa nini alinyamaza, akajibu, "Ningesema kaa, ningekuwa mwizi. Ningesema nenda, ningekuwa nimemuua mwanangu. Nilitafuta neno la tatu, sikulipata."

Mejumaa akampa Athumani mtoto, akavaa buibui lake, akatoka. Saumu alisikia mlango ukifunguka, akamsikia mtoto akilia, akajilaza kifudifudi.

Pale kivukoni watumishi walikuwa wamejaa, na mabunda yao vichwani. Mejumaa akampita kila mtu, akamfikia mvushaji, akavua kanga yake ya juu na kumpa.

"Mpelekee Nadzua. Mwambie: mshikie Nassoro, nitakuja milango ikifunguliwa."

Dobi yule wa gunia la mchele akamsikia, akacheka. "Mejumaa, mwenzetu unabaki kumnyonyesha wa tajiri? Na wako anyonye nini, mkia wa mbuzi?"

Mejumaa aligeuka, akapanda kurudi mjini jua likiwa karibu kuzama, akaingia kwa Athumani.

"Funga," akamwambia. Akamchukua Arafa mikononi mwake, akaketi naye jiko la uani, akamnyonyesha.

Basi nyumba ile ikawa ya milango miwili iliyofungwa na mwanamume mmoja aendaye kati yao na sinia la chakula. Nyuma ya mlango mmoja Mejumaa alinyonyesha. Nyuma ya mlango wa pili Saumu aliugua, na maziwa yakamjaa, kwa kuwa mwili hausikii mbiu ya liwali. Akaufungua mkaja tumboni, akajifunga nao kifuani, akaukaza mpaka maziwa yakakauka. Mtoto akilia, Saumu alijiziba masikio kwa mto. Akinyamaza, aliuondoa mto asikilize kama bado anapumua.

Na ng'ambo ya pili Nadzua alikuwa amesimama ufukoni na Nassoro kiunoni, akiwahesabu wanaoshuka. Watu wakaisha. Mvushaji akampa kanga, akamwambia maneno aliyotumwa.

"Amesema nimshikie mpaka lini?" Nadzua akauliza.

"Mpaka milango ifunguliwe."

"Na hakuniuliza kama nina cha kumpa?"

"Dada, mimi navusha watu tu."

Mumewe alimngoja mlangoni. "Huyo mama yake anashinda mjini kila siku. Ana maradhi huyo. Mrudishe."

"Nimrudishe wapi? Nimvurumishe majini?"

"Basi chagua. Mimi au yeye."

Nadzua akatazama ndani, akasema, "Mikeka iko pale ukutani. Chukua mmoja wa kulalia." Mume akachukua mkeka, akaenda kwa kaka yake, na hakurudi tena.

Nadzua hakuwa na maziwa. Mwanawe wa mwisho alikuwa ameshaoa. Alimpa Nassoro uji wa mtama, akamsagia samaki mkavu, akamkamulia mbuzi wa jirani alipoomba akapewa, na aliponyimwa akamwimbia. Mtoto akaharisha, akakonda, akapona, akaharisha tena. Hakufa. Miguu yake ndiyo iliyopinda.

Mvua za vuli zilipita, na za masika zikapita, ndipo makomeo yakafunguliwa. Saumu akatoka chumbani akiwa mzima. Arafa alikuwa anatambaa, amenona, ana meno. Mejumaa akavuka. Akamkuta Nassoro kwa Nadzua, akafungua mikono. Nassoro akalia, akamkumbatia Nadzua shingoni, akageuza uso. Siku nyingi zilipita kabla hajakubali kubebwa na mama yake, na titi hakulitaka tena.

Miaka ikaenda. Arafa akakua, akaposwa, siku ya harusi ikafika. Upande wa bwana harusi ukaleta mkaja, hariri ya rangi ya zafarani, na somo wa bi harusi, Bi Mize, akauweka mapajani pake katika chumba cha wanawake. Nassoro naye alikuwamo. Kwa sheria ya dini, walionyonya titi moja ni ndugu, kwa hiyo hakuna aliyemzuia alipoingia kumtazama dada yake.

"Mama wa bi harusi asogee," akasema Bi Mize.

Saumu hakusogea. Akasema, "Mpe Mejumaa."

Dada yake akamvuta mkono. "Saumu, acha. Desturi inamjua aliyezaa. Mejumaa alikuwa kazini, na Mungu amlipe."

"Kazi yangu ilikuwa kupika, kufagia na kuosha vyombo," Mejumaa akasema taratibu. "Kunyonyesha hakunipa mtu. Lakini mkaja siutaki."

"Kwa nini?"

"Nikiuchukua nitakuwa nimesema nilitenda jema. Nitamtazamaje huyu na miguu yake?"

Shangazi wa bwana harusi, mwanamke mkali aliyezoea kusema, akapaza sauti. "Mimi naona kosa ni la nyumba. Anayenyonyesha hakutakiwa kubakizwa, hata angelia abakizwe. Mngefunga mlango yeye akiwa nje."

"Hakuna aliyenibakiza, shangazi. Bi mkubwa aliniambia nenda. Mlango ulikuwa wazi."

"Mwanangu, mlango wazi ambao kichanga analia ndani yake si mlango wazi."

"Kweli," akasema Saumu. "Hilo nimeliwaza kila mwaka. Nilimwambia nenda, na nilikuwa naomba kimoyomoyo asinisikie."

Hapo Nadzua, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akakohoa kidogo. "Ikiwa mmoja hautaki na mwingine hautaki, nipeni mimi."

Wakacheka. Nadzua akawaacha wacheke mpaka kicheko kikaisha.

"Sisemi utani. Saumu alichagua, akasema nenda. Mejumaa alichagua, akabaki. Wote wawili mnawasifu, nami nawasifu, maana mimi sijui kama ningeweza. Lakini walichagua kwa kutumia mikono yangu, na mimi sikuulizwa. Niliona mtumbwi mtupu, nikapewa kanga. Na mume wangu akahama."

"Huyo kuondoka kwake kulikuwa faida, mama Nadzua," akasema mmoja wa majirani zake.

"Faida ndiyo, lakini alikwenda na mkeka wangu mzuri." Wakacheka tena, naye safari hii akacheka pamoja nao. Kisha akasema, "Arafa asingekuwa na wa kumnyonyesha kama Nassoro asingekuwa na wa kumshika. Naudai mkaja. Sioni haya."

Mtu akapendekeza ukatwe vipande vitatu. Bi Mize akamtazama. "Vipande hivyo vitazunguka tumbo la nani, la paka?"

Nassoro akasimama. Alikuwa mfupi, na miguu yake ilikuwa imepinda hivi kwamba mwenyewe husema mbuzi anaweza kupita katikati bila kuinamisha pembe.

"Mama zangu," akasema, "mmeuliza tumbo ni la nani, mikono ni ya nani. Maziwa yalikuwa ya nani hamkuuliza."

Hakuna aliyecheka. Arafa, ambaye desturi ilimtaka akae kimya chini ya ushungi wake, akasema, "Yalikuwa yako, kaka."

"Yalikuwa yangu. Basi sitaki mnihurumie nayo. Amueni tu, tule."

Bi Mize akawauliza wanawake mmoja mmoja. Wapo waliosema Saumu, kwa kuwa wenye amri wanaojinyima amri yao ni wachache. Wapo waliosema Nadzua. Waliosema Mejumaa ndio waliokuwa wengi, na Bi Mize akakata shauri: mkaja ni wa Mejumaa, autake asiutake.

Lakini mkaja hupewa mtu kwa kufungwa, na Mejumaa aliibana mikono ubavuni, akatazama sakafu. Bi Mize akasimama na kitambaa, asijue la kufanya. Huwezi kumfunga mwanamke heshima kwa nguvu. Ndipo Nassoro akautwaa. Si kazi ya mwanamume, na pale ndani palikuwa na watu waliovuta pumzi.

"Inua mikono, mama."

Mejumaa hakuinua.

"Mama. Miguu hii mimi ndiye ninayetembea nayo, si wewe. Inua."

Mejumaa akainua mikono. Nassoro akamzunguka na ile hariri kwa miguu yake ileile, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, akafunga fundo baya la mtu ambaye hajawahi kufunga mkaja, na hakuna aliyelisahihisha.

Nadzua alitazama mpaka mwisho. Kisha akachukua kikapu chake, akaenda kivukoni kabla pilau haijapakuliwa. Wako wanaosema alikasirika. Wako wanaosema wingu lilikuwa limetanda na mikeka yake ilikuwa nje. Mimi sikumuuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, na mwenye maziwa ndiye aliyetekeleza. Sasa semeni nyinyi mliosikiliza: yuko aliyesema nenda, yuko aliyebaki, na yuko ambaye hakuulizwa. Je, mkaja ule ulikuwa wa nani?